Mipira Tuliyoikalia

Wiki iliyopita wametundika picha ya Thaddeus Orcutt katika ukumbi wa mji, picha kubwa yenye fremu ya dhahabu, na chini yake wameandika: Baba wa Besiboli ya Ashbeck. Nilikuwepo. Nilivaa kofia yangu ya misiba nikakaa kiti cha mbele, maana masikio yangu siku hizi yanachagua ya kusikia. Siku hiyo yakachagua vibaya. Yalimsikia meya akisoma kwamba Septemba ya mwaka elfu moja mia nane themanini na nne ulikuwa mwezi wa fahari kuliko yote hapa mjini, na kwamba bendera ya ubingwa ilituponyoka siku ya mwisho "kwa kuwa mkono wa mrushaji Mulvane uliusaliti mji."

Uliusaliti! Meya mwenyewe mwaka huo alikuwa bado anajikojolea.

Mrushaji Mulvane alikuwa mume wangu. Malachy. Mkono huo niliulalia miaka arobaini na ushee, nikauchua, nikauvisha shati, nikaukatia nyama kwenye sahani. Haukumsaliti mtu. Uliibwa mchana kweupe, na mwizi wake ndiye huyo anayetukodolea macho pale ukutani. Mimi nimesoma madarasa machache tu na hotuba siziwezi, lakini kalamu ninayo. Atakayeona herufi zangu zimepinda, na yeye apindishe shingo.

Orcutt alikuwa na kiwanda cha sabuni kule chini mtoni, na timu yetu, Soksi za Kijivu, ilikuwa mali yake kama yalivyokuwa masufuria yake na mafuta yake ya nguruwe. Malachy alikuwa fundi mapipa. Alimtengenezea mapipa ya sabuni mpaka siku mtu alipomwona akirusha mawe toka ng'ambo hii ya mto yakatua ng'ambo ile, basi akavishwa soksi za kijivu na kuambiwa sasa wewe mrushaji. Kazi yenyewe mnaijua: unasimama katikati ya uwanja, unampelekea mpira mwenye gongo kwa namna ambayo hataupata. Kutwa nzima, kwa nguvu zote, na kila mpira unaanzia mkononi mwako.

Timu yenye akili huwa na warushaji wawili, mmoja akirusha leo mwenziwe apumzike. Hata sisi tulikuwa naye wa pili, Pettibone, kijana mrefu mwembamba aliyekuwa akila kama amefungwa mifuko miguuni. Siku ya kwanza ya Septemba, asubuhi, mbele ya wenzake wote, Orcutt akamfukuza.

"Anakula mno," akasema. "Kwa nini nilishe wawili wakati anayeshinda ni mmoja?"

"Bosi, na mkono wa Mulvane je?" akauliza Gus Hentschel. Gus alikuwa kepteni, na ndiye mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mwenye gongo kupokea mipira ya mume wangu. Mjerumani huyo vidole vyake vilikuwa vimevunjika na kuunga kila upande. Ukimpa mkono wa salamu hujui umeshika nini.

"Mkono wa Mulvane una nini? Si bado umeshikamana na bega?"

Wakacheka. Hata Malachy alicheka, mjinga wangu yule. Mji mzima ulikuwa ukimwita Mkono wa Chuma, na mwanamume ukishamwita chuma, mwenyewe atajipeleka kwa mhunzi.

Akarusha siku hiyo. Akarusha kesho yake. Akarusha keshokutwa, na Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili akapumzika kwa sababu tu sherifu alikuwa Mmethodisti na angewafunga wote kwa kucheza siku ya Bwana. Jumatatu akaanza tena. Mwisho wa wiki ile nilimwona mezani ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Umehamia upande wa pili?" nikamwuliza.

"Na huu wa kushoto ujue kazi. Umekaa bure miaka yote."

Supu ikamwagikia shati. Nikampangusa. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayemfunga vifungo. Akitaka kuchana nywele, alikuwa haliinui chanuo kwenda kichwani, alikuwa anakishusha kichwa kwenye chanuo.

"Kama ng'ombe anayejikuna kwenye uzio," nikamwambia.

"Moo," akasema, tukacheka. Halafu akageukia dirisha nisimwone uso.

Kila jioni nilimchua kwa dawa ya farasi mpaka nyumba ikanuka zizi. Jirani mmoja aliniuliza kama tumeanza kufuga. Nikamwambia ndiyo, tumefuga mmoja, lakini mwenye naye ni Orcutt.

Mtauliza, kwa nini asiseme? Alisema! Hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Nyinyi mnaokwenda uwanjani siku hizi mmezoea kuona mrushaji akichoka anaitwa mwingine. Zamani zetu hapana. Ukishaanza mchezo hutoki mtu mwingine akaingia, ila uwe umeumia, na mwamuzi na kepteni wa wapinzani wakubali wote kwamba umeumia kweli. Wachezaji kubadilishana nafasi wao kwa wao ilikuwa ruhusa, lakini Orcutt alikwisha kumwonya Gus: Mulvane anarusha mpaka mwisho, na kepteni atakayemwondoa akatafute kazi ya kuchinja nguruwe. Ukitoka uwanjani kwa miguu yako mwenyewe, unafungiwa ligi zote, za hapa mpaka New York. Urudi kwenye mapipa? Mapipa ya mji huu yalikuwa yananunuliwa na nani? Huyohuyo.

Katikati ya mwezi wakaja Danforth, timu pekee iliyokuwa ikitukimbiza. Kepteni wao aliitwa Rourke, mtu wa sharubu zilizopakwa nta mpaka ungeweza kuzitundikia koti. Zamu ya saba kati ya tisa za mchezo huo Malachy akamwendea mwamuzi. Siku zile mwamuzi alikuwa mmoja tu, Bwana Fitch, mwenye saa ya mnyororo na macho yasiyoona mbali.

"Mwamuzi, mkono umekufa. Naomba nitoke."

Fitch akamwita Rourke. Rourke akaushika mkono wa mume wangu kama anayechagua kuku sokoni, akaugeuza huku, akaugeuza huku.

"Damu iko wapi?"

"Maumivu yako ndani, kaka."

"Ndani mimi siingii. Damu iko wapi? Mfupa uliotokeza uko wapi? Mimi naona mkono mzima, tena mnene."

"Basi uchukue ukarushe nao wewe!" nikapaza sauti toka jukwaani.

"Mama, kaa chini, hapa si jikoni!" akajibu mtu, na watu wakaangua kicheko. Na waliocheka si watu wa Danforth. Watu wetu. Watu waliokuwa wakimnunulia Malachy bia na kumpiga piga begani, begani palepale.

Lakini mchezo huohuo Mungu alinionyesha kitu, na alikionyesha kupitia kwa Mina Hentschel, mke wa Gus.

Orcutt ndiye aliyebuni siku ya wanawake. Mara moja kwa wiki tuliingia bure, tukakaa kwenye jukwaa letu wenyewe nyuma ya mdakaji, tumezungushiwa kamba nyeupe. Si kwamba alitupenda. Alijua wanawake wakiwepo, wanaume watakuja wengi, wamenyoa, na watalipa. Ndani ya kamba ile mwanamume hakanyagi, hatemi tumbaku karibu, hatukani. Orcutt mwenyewe alibandika tangazo hilo.

Zamu ya nane mpira ukagongwa vibaya, ukaruka kinyumenyume, ukatua mapajani mwa Mina aliyekuwa akila tufaha. Mina alikuwa mwanamke wa haja. Akapiga ukunga, akakunja miguu, mpira ukazama. Na mnajua nguo za mwaka ule: marinda juu ya marinda, na nyuma fremu ya waya iliyojazwa pamba, mtu angeweza kuficha ndama na akala naye chakula cha mchana.

Mpira ulikuwa mmoja kwa mchezo mzima. Ukiangukia watazamaji, unarudishwa. Ukipotea, unatafutwa dakika tano kwa saa ya mwamuzi, ndipo timu mwenyeji itoe mwingine. Basi Fitch akaja mpaka kwenye kamba, akavua kofia.

"Mabibi, kuna aliyeuona mpira?"

Mina uso ulikuwa umeiva kama nyanya. Aanze kujipekua marinda mbele ya wanaume wote wale? "Sijaona mpira wowote," akasema, na tufaha bado limo mdomoni.

Fitch akaitazama saa yake. Angefanya nini? Mimi nilitazama uwanjani. Malachy alikuwa ameketi kwenye nyasi, amefumba macho, ameupakata mkono wake kama mtoto aliyelala. Tangu mwezi uanze sikuwa nimemwona ameketi uwanjani.

"Shoga," nikamnong'oneza Mina, "unao?"

"Nimeukalia."

"Usiinuke."

Jumapili iliyofuata nikaenda nyumbani kwa Orcutt. Nilitaka kumpa nafasi ya kuwa binadamu. Niliingia kwa mlango wa mbele, jambo ambalo peke yake lilimwudhi. Alikuwa mezani na mkewe, Bi Euphemia, mwanamke mpole wa nywele nyeupe ambaye mjini tulidhani hana ulimi.

"Bwana Orcutt, mume wangu hawezi kuinua kijiko."

"Kijiko sikumwajiri akiinue, bibie. Nimemwajiri kwa mpira, na mpira anauinua."

"Mrudishe Pettibone. Mpe Malachy hata siku mbili za kupumua."

"Watu wanalipa kumwona Mkono wa Chuma. Hawalipi kumwona Pettibone."

"Na mkono ukiharibika?"

Akajipangusa mdomo, akaniangalia kana kwamba nimeota kwenye zulia lake. "Bi Mulvane, nikinunua farasi sina desturi ya kumwuliza jike lake."

Nikamwangalia Bi Euphemia. Alikuwa akimimina chai. Aliimimina mpaka kikombe kikajaa, kisosi kikajaa, kitambaa cha meza kikaanza kulowa, na macho yake hayakutoka usoni mwa mumewe.

"Euphemia, chai!" akafoka Orcutt.

"Naona, Thaddeus," akasema. Nikatoka, kwa mlango uleule wa mbele.

Mwezi ukaenda hivyo mpaka siku ya mwisho. Sisi na Danforth tukawa sawasawa, na mchezo wa kumaliza ni sisi na wao, hapa kwetu. Asubuhi yake Gus alikuja nyumbani Malachy akiwa bado amelala, akasimama jikoni kwangu anageuzageuza kofia.

"Delia, jana nilikisikia kiwiko chake. Kinalia kama bawaba ya mlango. Nilimdakia mtu mmoja Toledo mkono ukamlia hivyo hivyo, akarusha mchezo mmoja zaidi."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yake. Anavalishwa. Nyundo hashiki, uma hashiki. Nikimtoa mimi Malachy, kesho Orcutt ananifukuza na mimi nachinja nguruwe. Nifanyeje?"

"Wewe daka tu, shemeji," nikamwambia. "Na usidake sana."

Akaniangalia. Sikumweleza zaidi, na yeye hakuuliza.

Maana Orcutt, kwa uroho wake, alikuwa ameutangaza mchezo huo kuwa siku ya wanawake. Nami nilikuwa nimekwisha kupita nyua za nyuma wakati wa kufua, nikaongea na wale wanaojua kufunga mdomo. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa wapana. Sikutaka Danforth washinde, wala sikutaka sisi tushindwe. Nilitaka giza. Mchezo ulianza saa tisa na nusu, na mwisho wa Septemba jua letu halina subira. Kila mpira unaopotea ni dakika tano za Malachy kukaa. Ikipotea mingi, mwamuzi asiyeona mbali atasema haoni, wote waende nyumbani, na mkono unarudi na mimi.

Uwanja ulifurika. Watu walikaa mpaka juu ya paa la kiwanda. Malachy alipoingia walimshangilia dakika nzima, naye akawapungia kofia kwa mkono wa kushoto, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Mpira wa kwanza ulituangukia zamu ya pili. Uligonga nguzo, ukamwangukia mke wa mwoka mikate. Alikuwa mwepesi yule! Sikuona hata shali ikitikisika.

"Mabibi, kuna aliyeuona mpira?"

"Mpira gani tena?" akauliza mke wa mwoka mikate.

Dakika tano. Malachy akaketi. Orcutt, aliyekuwa kwenye kiti chake pembeni na sigara, akatoa mpira wa pili kutoka kwenye mfuko. Mfuko ule haukuwa mnene. Alikuwa bahili wa mipira kama alivyokuwa bahili wa warushaji, na alinunua mipya pale tu ya zamani ilipoanza kutoa uzi.

Wa pili haukugongwa hata. Ulimponyoka Gus, ukabingiria mpaka chini ya jukwaa letu. Gus ambaye hakuwa akikosa! Vidole vile sijui, labda vilikuwa na mawazo yao. Mina aliteremsha mpini wa mwavuli katikati ya mbao akauvuta taratibu, huku akimwambia Fitch kwa sauti ya huzuni kwamba ameuona ukienda upande ule, kule, kwenye magugu. Wanaume kumi wakaenda kupekua magugu.

Wa tatu niliukalia mimi. Ulikuwa wa joto bado.

Hapo Malachy akageuka akalitazama jukwaa letu, kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilijipepea. Akakunja uso kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui ni jikoni kwa nani.

Orcutt naye si mjinga kihivyo. Mpira wa nne alioutoa ulikuwa wa mazoezi, laini kama andazi, umeshonwa kwa uzi wa buluu. Malachy mwenyewe ndiye aliyekuwa ameushona. Orcutt alimpa Fitch huku akitutazama sisi. Na mchezo ukaendelea, na sisi tukawa tunaongoza, maana mume wangu hata na mkono uliokufa alikuwa bado akiwazidi wazima. Zamu ya sita, jua bado liko juu ya paa la kiwanda, na mimi moyoni naliambia: shuka basi, shuka, unangoja nini.

Mtu wa Danforth akaupiga ule wa buluu kwa chini. Ukapaa juu wima, juu sana, watu wote wakainua videvu. Ukashuka polepole mstari wa mbele wa jukwaa la wanawake, mbele ya macho ya mji mzima, ukatua, pu, katika hariri ya kijivu ya Bi Euphemia Orcutt.

Nikajua tumekwisha. Huyu hatukumwambia. Nani angemwambia mke wa Orcutt?

Bi Euphemia akautazama mpira. Akautandazia shali yake. Akakunja mikono juu.

Fitch akaja kwenye kamba, kofia kifuani, amechoka. "Mabibi. Kuna aliye... Bi Orcutt, samahani sana. Umeuona mpira?"

"Sijaona mpira wowote," akasema Bi Euphemia.

Kelele zilizolipuka! Orcutt aliruka toka kitini akaja mbio, akafika kwenye kamba akasimama. Tangazo lilikuwa palepale kwenye nguzo, limeandikwa jina lake.

"Konstebo! Ingia uwapekue!"

Konstebo akatazama jukwaa, akaona mkewe yumo. "Mimi, mzee?"

"Jaribu kumgusa wangu uone!" akapiga kelele mwoka mikate toka upande wa wanaume, na wengine wakadakia, "Na wangu!" "Na mama yangu!" Hawakuwa upande wetu, msidhani. Walikuwa upande wa marinda.

"Euphemia," akasema Orcutt kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "simama."

"Nimekaa, Thaddeus."

"Nakwambia simama! Umeuona mpira, hukuuona?"

"Huna desturi ya kumwuliza jike," akasema Bi Euphemia. "Nenda kamwulize farasi."

Na akaelekeza upepeo wake kwa Malachy aliyekuwa ameketi kwenye nyasi, mkono mapajani.

Sijawahi kuona mtu akiiva rangi ile, na nimepika kamba wengi. Dakika zikaisha. Fitch akafunga saa yake, pa. "Bwana Orcutt, mpira mwingine."

Orcutt akaubinua mfuko. Ukatoka uzi na vumbi. Akapiga kelele duka la Sprague lifunguliwe, wanauza mipira. Sprague alikuwa palepale kiwandani juu ya paa, akajibu kwamba funguo anazo mkewe. Mkewe alikuwa nyuma yangu. Akapekua mkoba wake taratibu, kitu kimoja kimoja, akasema maskini, atakuwa amezisahau kwenye pipa la unga.

"Rourke!" Orcutt akageuka. "Nyinyi mna mipira kwenye gari lenu. Toeni mmoja, ubingwa uamuliwe kiungwana."

Rourke akakunja sharubu moja, akakunja na ya pili. "Kanuni inasema mwenyeji ndiye anayetoa. Wewe mwenyeji. Mpira uko wapi?"

"Unajua kabisa uko wapi!"

"Mimi naona sketi tu, mzee. Mpira uko wapi?"

Basi nilimchukia Rourke tangu siku ile ya damu, lakini hapo nilitamani kumbusu, nta na yote. Fitch akatangaza: timu mwenyeji imeshindwa kutoa mpira, mchezo umekwisha, tisa kwa bila kama kanuni inavyotaka, Danforth washindi. Mimi nilikuwa nimeomba giza, nikapewa hilo.

Msidhani nilitoka nikicheka. Watu walivunja viti. Walimzomea Malachy mpaka mlangoni, wakamwita mvivu, aliyelala kwenye nyasi mji unaangamia. Yeye alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Aliitaka ile bendera. Mwezi mzima aliutoa mwili wake kwa ajili yake.

"Tulikuwa tunaongoza, Delia," akasema tulipofika.

"Najua."

"Zamu tatu tu."

"Najua. Na mkono ulikuwa umebakiza zamu ngapi?"

Hakunijibu siku hiyo wala wiki hiyo. Alikula kwa mkono wa kushoto, akilala amenigeuzia mgongo, na mimi nilimwacha. Bendera ikapepea Danforth, kwa hiyo kununa kwake nilikuona ni halali. Majira ya baridi yalipoingia, asubuhi moja nikasikia kibandani ko, ko, ko. Nikachungulia. Alikuwa na nyundo mkono wa kulia, anapigilia pete ya pipa, polepole, anasimama, anapigilia tena. Hakuniona. Nilirudi jikoni nikakaa kwenye ndoo, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Juu ya bega mkono ule haukuinuka tena maisha yake yote. Kofia alivaa kwa kushoto. Orcutt masika yake alimwita, maana kwa kanuni zao alikuwa bado mali yake, akaamuru ainue mkono. Ukafika begani ukagoma. "Mvivu," akasema Orcutt, akamwachia kama mtu anayetupa ganda, na mapipa yake hakuyanunua tena. Tukawauzia Wajerumani wa kabichi chachu. Hakuna aliyemwambia Orcutt pole, umekosea. Wala yeye hakumwambia mtu pole, nimeharibu. Alifungua kiwanda cha pili, akafa amenenepa, na sasa ana fremu ya dhahabu. Na Malachy wangu ana sentensi moja ya meya. Nimemwandikia meya kuhusu sentensi hiyo, mara mbili. Kimya. Ndiyo maana naandika kwenu.

Bi Euphemia yeye alipofariki, mjakazi wake alikuja kwangu na kifurushi kilichofungwa kwa utepe wa hariri ya kijivu. Hakikuwa na neno lolote ndani. Hakikuhitaji.

Siku hiyo ya picha, hotuba zilipokwisha, binti wa maktaba alinifuata, msichana mzuri mwenye miwani. Wanatengeneza kabati la kioo chini ya picha, akaniambia, la vitu vya mwezi ule wa fahari.

"Bi Mulvane, wewe hukuhifadhi chochote? Hata mpira mmoja? Wanasema mipira ya mchezo ule ilipotea yote."

"Mwanangu," nikamwambia, "sijaona mpira wowote."

Kisha nikarudi nyumbani nikavua kofia ya misiba, nikachukua kikapu changu cha kushonea. Mjukuu wangu anatoboa soksi kisigino, sijui anatembeaje. Ukitaka kuziba kisigino vizuri unahitaji kitu cha mviringo cha kuingiza ndani, kigumu kidogo na laini kidogo. Ule wenye uzi wa buluu ndio unaofaa kuliko yote.